Kopo la flaksi lililonilia gitaa: uzoefu wangu

Nilitaka hasira zishuke kwanza ndiyo niandike. Hazijashuka, basi naandika nazo hivyo hivyo. Dawa ya kulehemia niliyouziwa katika duka moja la vifaa hapa Unguja mjini, kopo dogo la bati lenye pesti ya rangi ya samli, naipa nyota moja. Duka lenyewe silipi hata hiyo.

Napiga gitaa la umeme katika kikundi cha taarabu. Si gitaa la bei kubwa, lakini nimelipata kwa jasho na ndilo linaloniletea riziki. Kabla ya Ramadhani poti ya sauti, kile kidude unachokizungusha kupandisha na kushusha sauti, ilianza kukwaruza kila nikiigusa, nikaona bora nibadilishe mwenyewe poti zote mbili pamoja na jeki, lile tundu la kuchomekea waya. Poti mpya nilikuwa nazo, za 500k, yaani ukinzani wa omu 500,000, maana pikapu zangu, vile vidude vya chini ya nyuzi vinavyonasa sauti, ni zile za koili mbili. Pasi ya kulehemu ninayo, waya wa risasi wa kuyeyusha ninao. Kilichonishinda ni mgongo wa poti, pale waya zote za ethi, zile za kurudishia umeme, zinapokutana. Kile kifuniko cha chuma kinanyonya moto mpaka pasi inapoa, na risasi inajiviringa tu kama tone la mvua juu ya jani la mjimbi. Haishiki. Mwenzangu mmoja akaniambia, tafuta flaksi, ndiyo dawa ya kuifanya risasi ishike.

Nikaenda dukani na poti mkononi. Hapa ndipo moyo wangu unapowaka, kwa sababu sikwenda kununua kwa kubahatisha. Niliiweka poti juu ya kioo cha meza yake, nikamwamkia, nikamwambia: "Mzee wangu, nataka flaksi ya kulehemia kitu hiki, kinakaa ndani ya gitaa." Hakuishika. Hakuitupia hata jicho. Alinyoosha mkono nyuma yake bila ya kugeuka, akaweka kopo mezani. "Flaksi ni flaksi. Hiyo inashika mpaka chuma." Nikalipa nikaondoka.

Na ikashika kweli! Wallahi sijawahi kuona risasi inatandaa vile. Niligusa tu pesti kidogo kwa njiti ya kiberiti, nikaweka pasi, risasi ikakimbia juu ya mgongo wa poti ikang'aa kama fedha. Ulitoka moshi mkali wa kukata pua, lakini nani atajali moshi wakati kazi imekubali? Usiku ule nililiunganisha gitaa na ampu, mashine ya kukuzia sauti, likalia safi. Lau ningeandika siku ile ningetoa nyota zote tano, na wasomaji wangenunua kwa maneno yangu. Kila nikilikumbuka hilo natetemeka.

Mwezi wa Ramadhani gitaa lilikaa mfukoni mwake. Idd ikapita, harusi zikaanza, na masika nayo yakawa yamekaza. Harusi ya pili au ya tatu, sikumbuki vizuri, tuko katikati ya wimbo, akina mama wameshasimama wanakuja kutunza, gitaa likaanza kuvuma. Likakwaruza, likarudi, likazimika. Mwimbaji akageuka kunitazama. Nikapapasa waya, nikapapasa jeki, hamna kitu. Mpiga kinanda akanifichia aibu mpaka mwisho wa wimbo, na nikakaa na gitaa mapajani kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

Asubuhi nililifungua. Mgongo wa poti ule uliokuwa unang'aa umefunikwa na unga mweupe uliolowa, kama chumvi iliyoachwa nje usiku, na pembeni mwa nyuzi za waya kumeota ukijani. Niliigusa waya ya ethi kwa ukucha tu, ikakatika. Miguu ya poti ya pili nayo ilikuwa imeshaanza. Poti mpya kabisa!

Ndipo nilipoligeuza lile kopo na kusoma maandishi madogo ya chini: zinki kloraidi. Hiyo ni dawa ya mabomba ya shaba na kazi za bati. Kazi yake ni kula kutu iliyo juu ya chuma ili risasi ishike, na inaila vizuri sana, lakini ukimaliza kulehemu yenyewe haimalizi. Mabaki yake yanavuta unyevu kutoka hewani, yakishalowa yanaendelea kukitafuna chuma na pia yanapitisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Sasa fikiria hewa yetu, chumvi ya bahari na masika. Na ndani ya gitaa umeme wa pikapu ni mdogo mno, umekaa nyuma ya ukinzani wa omu 500,000, kwa hiyo hata uvujaji mdogo unausikia sikioni: sauti inakuwa nzito, ule ukali wa juu unapotea, halafu ndiyo mivumo inaanza.

Nilirudi dukani. Sikwenda kwa shari. Nilibeba kopo na ile poti iliyoliwa, nikamwekea pale pale juu ya kioo, nikamweleza taratibu. Dukani kulikuwa na wateja wengine watatu au wanne. Yule mzee akaitazama poti kwa mara ya kwanza, akawageukia wateja, akasema: "Huyu anataka dawa ya gitaa. Mwelekezeni hospitali." Wakacheka. Halafu akaniambia mimi: "Kopo likishafunguliwa halirudi, kijana." Mimi nina watoto wawili. Sikudai pesa, pesa yenyewe si ya kugombania watu wazima. Nilitaka aseme tu, "Samahani, sikuangalia." Neno moja lile lingenitosha nikarudi nyumbani.

Aliyenitoa gizani ni fundi redio mmoja wa zamani ambaye bado anakaa na meza yake uchochoroni. Nilimpa ile poti, akainusa, akatikisa kichwa. Akatoa kifuniko cha kopo la maziwa, ndani yake mna kipande cha kitu cha rangi ya asali, kigumu, kinavunjika kama nabati. "Hii ndiyo flaksi ya redio," akasema. Akakichovya na ncha ya pasi, kikayeyuka, ikapanda harufu kama ya ubani. Ni ulimbo mkavu wa msonobari, mafundi wanauita rozini. Mpiga fidla wetu alipouona akasema mbona huu ndio jamaa wa ule anaoupaka kwenye upinde wake, na kweli ni ukoo mmoja. Miaka yote hiyo nimekaa kiti cha pili kutoka kwake, dawa yangu iko kwenye kisanduku cha fidla!

Rozini ina asidi pia, lakini asidi yake inaamka ikipata moto tu. Ikipoa inarudi kuwa ngumu kama kioo, haipitishi umeme wala haivuti maji. Ukiiacha pale haidhuru, ukitaka usafi unaifuta kwa spiriti na mswaki mkuukuu. Na fundi alinionesha kitu kilichonitia uchungu zaidi: waya wangu wa risasi, ule wa bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, una rozini ndani yake tangu ulipotengenezwa! Kwa miguu ya poti na jeki hauhitaji kuongezewa kitu. Mgongo wa poti tu ndio unaotaka msaada: unausugua kwa msasa mpaka chuma kionekane, unapaka rozini kidogo iliyoyeyushwa kwa spiriti, unatumia pasi yenye ncha pana, unasubiri chuma kipate moto kwanza ndiyo unatia risasi. Fungua dirisha lakini, moshi wa rozini si mzuri kifuani, hasa kwa mwenye pumu.

Sasa nirudi kwenye nyota, maana hapa sina raha na nafsi yangu. Lile kopo nimempa jirani yangu anayetengeneza fanusi za shaba. Analisifu mno. Analehemu, kisha anaosha kila fanusi kwa maji ya moto na sabuni mpaka mabaki yote yatoke, na kazi yake inang'aa. Kwa hiyo dawa yenyewe haina kosa, na kuipa nyota moja nimeidhulumu. Ipeni nne. Kwa fanusi, tano.

Duka? Juzi nilikuwa najishawishi kwamba mzee yule labda hajui tu, labda siku ile alikuwa amechoka, na nilikuwa karibu ya kumsamehe. Jana nikapita pale. Kijana mmoja amesimama mezani na bodi ya ampu mkononi, kwenye kioo limewekwa kopo lile lile, na anatoa pesa mfukoni. Miguu yangu iliingia kabla sijaamua. Nikamwambia, "Mdogo wangu, ligeuze kopo usome chini."

Akasoma. Akalirudisha juu ya kioo. Mzee akanitazama, na safari hii hakuna aliyecheka.