Seiko SKX007: kabla ya kulipa, soma mgongo

Seiko walianza kuitoa SKX007, saa ya mkono ya wazamiaji, mwaka 1996, wakaacha kuitengeneza 2019. Ukiitaka leo utapata ya mtumba au iliyolala stoo. Muuzaji asiyeweka picha ya mfuniko wa nyuma, mimi simtafuti.

Mgongoni kuna mchoro wa wimbi, umezungukwa na maandishi: AIR DIVER'S 200m, STAINLESS STEEL, halafu 7S26-0020. Kabla ya kistari ni aina ya mashine, baada yake ni kasha. Kuna wanaoinadi namba hii kana kwamba ni ya saa yao peke yake! Namba ya saa yenyewe ni ile nyingine, yenye nafasi sita.

Yangu inaanza na 7N. Hiyo 7 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, N ni Novemba. Januari hadi Septemba huandikwa 1 hadi 9, kisha Oktoba O, Novemba N, Desemba D. O utaidhani sifuri, ila haina neno, mwezi wa sifuri haupo.

Kinachonikera ni huo mwaka wa tarakimu moja. 7 inaweza kuwa 1997, 2007 au 2017. Hapo fundi afungue, asome herufi iliyofuata 7S26 kwenye mashine: ilianza A, ikaja B, mwisho C. Yangu ina C, basi ni ya 2017.

STAINLESS STEEL ikisimama peke yake ni habari njema. Saa nyingi za bei poa huongeza neno BACK, na mnunuzi halioni. Maana yake ni kwamba mfuniko tu ndio wa chuma kisichoshika kutu. Kasha ni la madini mengine, limepakwa juu.

Kwa matumizi, naipenda. Kifundo cha kurekebishia majira kimekaa usawa wa namba 4, hakichomi mkono. Lakini haitiwi ufunguo, mpaka uitikise au uivae, na akrabu ya sekunde haisimami unaporekebisha majira. Anayetaka saa iende sawa na redio hadi sekunde, hii si yake.

Mikwaruzo isikutishe. Iliyopigwa msasa mpaka namba zimefifia, hiyo mrudishie mwenyewe.