M-Shwari au sacco: nani anakupimaje?

M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kupitia simu, ilipozinduliwa Kenya Novemba 2012, haikumdai mtu hati ya mshahara. Kompyuta husoma nyendo za laini yako: unanunua muda wa maongezi kiasi gani, pesa zinaingiaje na kutokaje M-Pesa. Kutokana na hayo inakupangia kikomo cha mkopo, na jibu huja papo hapo, hata saa nane usiku. Ukilipa kwa wakati, kikomo hupanda. Laini mpya? Utangoja miezi sita.

Sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, hupima akiba na watu. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, ila lazima wadhamini watie sahihi, na kumbembeleza mwenzako wa kazini akudhamini ni shughuli nzima!

Bei ndiyo inayoamua. M-Shwari ilianza na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Sacco nyingi hutoza kama asilimia 1 kwa mwezi. Stoki ya kuuza wikendi hii, nachukua ya simu. Karo au kiwanja, sacco, bila mjadala. Tena kamati ya mikopo ikikukatalia, unaweza kuwauliza kwa nini.