Kifurushi cha igizo la Pasaka nilichonunua Mbeya: nguo safi, kitabu hapana

Walimu wenzangu wa Sunday school habari zenu, naona Kwaresima inakaribia na watu wameshaanza kuulizana wapi pa kupata igizo la Pasaka, basi na mi nieleze yangu ya mwaka jana maana nilikinunua kile kifurushi kizima, duka la vitabu vya dini na vifaa vya ibada hapo Mbeya mjini upande wa Mwanjelwa. Jina la duka silitaji, mama mwenye duka alinipokea vizuri na kitabu chenyewe hajakiandika yeye.

Bei anaanzia 45,000, nikabembeleza tukamalizana 38,000 na mfuko juu. Ndani unakuta kitabu cha igizo kurasa 32 (fotokopi, kimebanwa pini mbili), flashi ya sauti, kanzu nyeupe saba, kanzu nyeusi tano zenye mkanda mwekundu, kofia tatu za askari wa Kirumi za plastiki na taji la miba la waya.

Nianze na nguo coz ndo kitu kizuri humo. Kitambaa ni tetroni nzito, mshono wamepitisha mara mbili, nimezifua mara tatu na hazijachuja wala kusinyaa, na sisi huku Rungwe mnajua Pasaka inaangukia katikati ya mvua, tope mpaka magotini, kwahiyo nguo isiyovumilia kufuliwa haitufai. Kofia za askari hapana, moja ilipasuka kwenye Noah hata Kiwira hatujafika, kuna mama alikuwa na ndoo ya dagaa akaiweka juu yake na nafasi nyingine haikuwepo, nitamlaumu vipi. Flashi ina radi nzuri sana na kelele za umati, ila jogoo wake anawika mapema, Petro hata hajafungua mdomo jogoo kashamaliza, watoto walicheka siku nzima.

Sasa kitabu.

Jumamosi ya kwanza ya mazoezi nina watoto 22 kanisani, mvua inapiga bati hatusikilizani, nafungua ukurasa wa 3 kwenye orodha ya wahusika nigawe nafasi. Imeandikwa hivi: Yesu, Mariamu, Petro, Yohana na wanafunzi wengine, kanzu nyeupe. Halafu chini yake Wayahudi watano, kanzu nyeusi, wakunje uso, wasugue mikono, mmoja ashike mfuko wa hela. Mi nikasoma tu kama ilivyo, kusema kweli sikuwaza chochote, nimekua naona maigizo ya hivyo tangu mdogo. Kila mtoto anataka kanzu nyeupe. Nyeusi nikawa nagawa kwa kulazimisha, kijana mmoja wa darasa la tatu nikampa "Myahudi wa tatu" akaanza kulia kabisa, machozi, anasema yeye hataki kuwa mbaya.

Pembeni kuna kabinti ana miaka tisa hivi, mdomo hauna breki, akauliza, "Mwalimu, kwani Yesu alikuwa kabila gani?"

Nikamwambia Myahudi.

"Na Petro?"

Myahudi pia.

"Na Mariamu?"

Nikaitikia kwa kichwa tu maana nilishaona anakoelekea.

"Sasa mbona wao wamevaa nyeupe?"

Jamani. Nilikosa jibu, nikawaruhusu watoto waende nyumbani mapema nikasingizia mvua.

Usiku nikakaa na kitabu na penseli, nikazungushia kila penye neno Wayahudi, nikahesabu 47, na katika hizo zote 47 hakuna hata moja inayomhusu Yesu, mama yake wala mwanafunzi hata mmoja. Yuda Iskariote tu ndo anaitwa "Myahudi mpenda fedha", utadhani wale wengine kumi na mmoja walitoka Njombe. Waliomhukumu kwa sheria ya Kirumi, wakamtundika kwa adhabu ya Kirumi, wamepewa ukurasa mmoja na nusu, tena Pilato, gavana wao, kaandikwa kama mzee wa huruma anayelia lia, wakati sisi kila Jumapili tunakiri imani na Pontio Pilato tunamtaja kwa jina. Kisha ukurasa wa 31 msimulizi anafunga: taifa hili lilimuua Mungu, tangu siku hiyo limelaaniwa na linatangatanga mpaka leo.

Hilo neno lina historia ndefu na ndo maana nimeamua kuandika badala ya kuacha tu nyota mbili nikapita. La kuua Mungu lilishasemwa karne ya 2 na Melito, askofu wa Sardi, Sardi ileile ya kwenye Ufunuo. Mwaka 386 na 387 kule Antiokia padri mmoja hodari wa kuhubiri, Yohane Krisostomo, akahubiri mfululizo maneno makali mno juu ya Wayahudi, na ukifuatilia sababu unashangaa, Wakristo wake walikuwa wanapenda kwenda kwenye sikukuu za sinagogi, wanaona raha, yeye hakutaka. Yaani ugomvi ulikuwa wa majirani wanaotembeleana. Tatizo ni kwamba mahubiri yanabaki kwenye maandishi, ujirani unasahaulika. Mwaka 1096 watu wa vita ya msalaba wakiwa njiani kwenda Yerusalemu wakaanza kuua Wayahudi wa Worms na Mainz huko Ujerumani, wakisema maadui wa Kristo tunao hapahapa. Mwaka 1144 Norwich, Uingereza, mtoto kakutwa amekufa karibu na Pasaka, baadaye wakazushiwa Wayahudi kwamba wamemtoa kafara, na uongo huo ukazunguka Ulaya miaka mia kadhaa. Sisi watu wa nyanda za juu tunajua uzushi wa namna hiyo unavyoua, tumeshazika vikongwe kwa sababu ya macho mekundu tu.

Na ule mfuko wa hela kwenye igizo je? Enzi hizo kanisa lilikuwa linawakataza Wakristo kukopesha kwa riba, Wayahudi nao sehemu nyingi wamezuiwa kumiliki ardhi na kuingia vyama vya mafundi, wakabaki na biashara na kukopesha, alafu mkopaji akishindwa kulipa anasema hawa watu wanapenda hela. Mwaka 1215 mtaguso wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukaagiza wavae mavazi ya kuwatofautisha na Wakristo. Niliposoma hapo niligeuka nikazitazama zile kanzu nyeusi tano zimening'inia mlangoni kwangu, sikujisikia vizuri.

Kwa wenzangu wa Kilutheri msinichukie, ila Luther mwenyewe 1523 aliandika kwa upole kwamba Yesu alizaliwa Myahudi na tuwatendee vema watu wake, alafu 1543 akaandika wachomewe masinagogi na wabomolewe nyumba. Mwaka 1946 kwenye kesi za Nuremberg, walikoshtakiwa wakubwa wa Wanazi baada ya vita, Julius Streicher, yule wa gazeti la Wanazi, alijitetea kwa kusema Luther naye angekuwa kizimbani leo. Ni kweli Wanazi walikuwa na lao la damu na rangi ambalo sio la kanisa, kwao hata ubatizo haukukuokoa, Edith Stein alikuwa mtawa wa Karmeli na wakamuua kwenye kambi ya Auschwitz 1942 kwa kuwa amezaliwa Myahudi. Lakini Wayahudi milioni sita hawauliwi kwenye nchi za Wakristo kama Wakristo hawajazoeshwa muda mrefu kuona hao ni watu wa kanzu nyeusi.

Na kuhusu maigizo yenyewe, kuna kijiji Ujerumani kinaitwa Oberammergau, 1633 walipigwa na tauni wakaweka nadhiri kwamba wakipona wataigiza mateso ya Yesu, wakaanza 1634 na kawaida yao ni kila miaka kumi. Mwaka 1934 Hitler alienda kutazama, akalipenda sana. Miaka hiyo makuhani wa Kiyahudi walivalishwa kofia za pembe, pembe kama za shetani! Siku hizi wamelibadilisha, Yesu anaitwa Rabi, anasali kwa Kiebrania, umati wenyewe kwa wenyewe unabishana. Wakatoliki nao walishasema mwaka 1965 kwenye mtaguso wa pili wa Vatikano, tamko la Nostra Aetate, kwamba mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Miaka sitini imepita, na fotokopi ya Mwanjelwa bado iko na Krisostomo.

Basi nikapeleka mabadiliko yangu kwa mzee wa kanisa anayesimamia watoto. Akavua miwani.

"Mwalimu, sasa unataka kumrekebisha Mathayo? Si imeandikwa damu yake na iwe juu yetu na juu ya watoto wetu?"

Nikamwambia mzee wangu, Mathayo simgusi, naye ni Myahudi anaandika ugomvi wa nyumbani kwao. Yohana anasema Wayahudi Wayahudi na yeye mwenyewe ndo huyohuyo, na ndo kaandika wokovu watoka kwa Wayahudi. Nikampa mfano, tuseme viongozi wawili watatu wa kijiji chetu wamemfanyia mtu ubaya, halafu mtu wa mbali huko aandike "Wanyakyusa walimuua", miaka elfu mbili baadaye mjukuu wa mjukuu wako anazomewa stendi. Akanyamaza kidogo akasema hiyo ya stendi kaielewa, lakini mstari wa Mathayo hautoki. Tukavutana wiki mbili. Mwishowe yeye mwenyewe ndo alileta wazo, tusiwape watoto watano waseme, waseme watu wote waliomo kanisani pamoja na wazee na kwaya, maana si tunafundisha kwamba alikufa kwa dhambi zetu sisi? Sikuwa nimelifikiria hilo. Siku yenyewe nusu ya kanisa walichelewa kuitikia na bibi mmoja akaisema peke yake kwa sauti, ila ilipita, na mara tu baada yake tukaweka ya Luka, Baba uwasamehe.

Nguo tukavalisha mchanganyiko, wanafunzi wengine nyeusi, makuhani wengine nyeupe, Yesu akavaa nyeusi coz ndo ilimtosha. Neno Wayahudi tukaweka "wakuu wa hekalu" panapohusu wakuu, na "watu wa Yerusalemu" panapohusu watu. Yule kijana aliyelia akawa Nikodemo, kafurahi.

Kabla ya Pasaka nilirudi dukani kuomba nirudishiwe japo hela ya kitabu.

"Mwalimu, hivi nimeuza vingi hakuna aliyerudisha. Tena mimi Wayahudi nawapenda sana, si unaona mwenyewe?" akaninyooshea ukutani. Bendera za Israeli, ndogo 5,000, kubwa sikuuliza, baragumu ya pembe, chupa za mafuta zimebandikwa karatasi "Yerusalemu" 10,000, na chini kabisa ya bendera kubwa ndo rundo la vile vitabu vya igizo. Mafuta yenyewe nikanusa, alizeti hiyo, Singida kabisa.

Nikaona ni yaleyale. Myahudi wa bendera na Myahudi wa kanzu nyeusi wote wawili hawajawahi kuumwa jino wala kuhangaika na ada ya mtoto, mmoja anauza mafuta mwingine anauza igizo. Na siongelei hapa Gaza wala serikali ya Netanyahu, hilo nina maneno yangu makali na nayasema, serikali inalaumiwa kwa inayofanya kama serikali yoyote, lakini ukianza kumlaumu Myahudi kwa sababu ya Kayafa, yule kuhani mkuu wa wakati wa Yesu, hapo tena sio siasa.

Nikamfungulia mama ukurasa wa 31, akasoma kimya akifuatisha kidole, akasema, "Hee. Hiki mi sijawahi kukisoma ndani." Hela hakurudisha, ila akanipa mishumaa miwili na akaahidi atamwambia anayemletea. Nilipita tena Desemba, rundo lilelile, ukurasa wa 31 uleule, mishumaa imepanda bei.

Kwahiyo kwangu: nguo nyota nne na nusu, flashi tatu sababu ya jogoo, kofia moja, kitabu sifuri. Ukienda usinunue kifurushi kizima, mwambie akuuzie nguo na flashi tu, anakubali 27,000 ukimsalimia vizuri na asubuhi kabla hajachoka, na kofia ukizichukua zishike mkononi usiweke chini ya siti. Anayetaka igizo letu lililorekebishwa aniombe nimtumie, lina makosa ya tahajia na sehemu ya Pilato bado ndefu.