Sakiti 21 au 12? Fungu la nyaya na boksi la fyuzi kwa gari la kujiundia

Haya, karibuni tena. Meza leo imejaa nyaya, msishtuke. Nina mafungu mawili ya wayaringi hapa, yote mapya, yote ya gari la kujiundia, yaani lile unaloletewa chesi na bodi vipande vipande, ukaliunga mwenyewe mpaka liwake. Hili la kushoto limeandikwa sakiti 21, yaani njia 21 za umeme, kila moja na fyuzi yake. La kulia, 12. Mkiniuliza nichukue lipi, najua jibu mmeshakuwa nalo mfukoni: lenye nyingi.

Nami nilikuwa hivyohivyo. Gari langu la kwanza nililivalisha fungu la sakiti 20 na ushee. Gari lenyewe viti viwili, vioo vya mkono, AC hakuna, redio hakuna. Nikamaliza kazi nyaya tisa hazina pa kwenda, nikazikunja nyuma ya dashibodi kama utumbo. Miezi michache baadaye mmojawapo ukachubuka kwenye ukingo wa bati, waya wa feni ya AC ambayo haipo, nikaanza kuona moshi unatoka kwenye magoti yangu. Na fyuzi haikukatika! Shikilieni hapo, nitairudia.

Kwa hiyo kabla ya kufungua boksi la mtu, chukua karatasi. Andika kila kinachokula umeme kwenye gari lako. Tuseme ni gari la mtindo wa Lotus Seven, lile dogo la wazi la Kiingereza la viti viwili. Taa kubwa mbili za balbu aina ya H4, dim ni wati 55 kila moja, zote 110, gawa kwa volti 12 za betri, ni ampea 9 na kitu. Full ni wati 60 kila moja, ampea 10. Endelea: taa ndogo, breki, endiketa na hazadi, honi, waipa, pampu ya mafuta, feni ya rejeta, ignisheni, geji. Umefika ngapi? Kumi na moja. Kama injini yako ni ya kompyuta, ile huja na wayaringi yake na mara nyingi fyuzi zake, inataka tu umeme wa kudumu na umeme wa swichi. Usiilipie mara mbili.

Sasa tazama boksi lenyewe. Nageuza hili la 21, tuone mgongo wake. Mnaona bati hizi mbili? Moja ina umeme saa zote, nyingine inapata ukiwasha swichi. Huu mgawanyo ndio wa kuuliza, kuliko jumla. Hili limeweka honi upande wa swichi. Mimi honi, hazadi na taa ndogo nazitaka upande wa kudumu, maana gari likizima barabarani usiku ndipo unapozihitaji. La 12 limezipanga vizuri.

Fyuzi za mafungu yote mawili ni za bapa, hizi za plastiki za rangi, ambazo kampuni ya Littelfuse ilizitoa mwaka 1976: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Kuna wanaopenda zile za kioo ili gari lionekane la zamani. Sawa, ni gari lako, lakini vishikio vyake hulegea na kuota kutu. Na ukikuta fyuzi ya zamani ya Kiingereza, ya kampuni ya Lucas, imeandikwa 35, hiyo 35 ndiyo inayoikata. Mzigo wa kudumu inabeba 17 tu.

Turudi kwenye moshi. Sogeza kamera. Huu ndio waya wa feni wa fungu la kushoto, na fyuzi iliyokuja nayo ni hii ya kijani, 30. Nachuna ncha... haya, angalieni ganda lilivyo nene, na shaba ndani ilivyo kiduchu. Kwa macho waya ni mnene, kumbe ni nguo tu. Fyuzi haiko pale kulinda feni, iko pale kulinda waya. Waya huu ukigusa bati kidogokidogo, ukavuta ampea 25, fyuzi ya 30 itakaa kimya huku ganda linapikika. Ndicho kilichonipata. Nimeshaandika hapa kwenye boksi: fyuzi hii itoke, iingie ya 15, na feni ipate waya wake mwingine na rilei yake, ile swichi inayowashwa kwa umeme.

Na ganda lenyewe lina daraja. Soma maandishi kwenye waya. GPT ni plastiki ya kawaida, PVC, inavumilia nyuzi joto 80 hivi. GXL na TXL ni za polithini iliyofungamanishwa, zinafika 125, na TXL ina ganda jembamba zaidi, kwa hiyo fungu zima linapungua unene. Nagusa waya wa kila fungu na pasi ya kuchomelea. Ya kushoto, ona, imerudi nyuma kama ngozi iliyoungua. Ya kulia imebadilika rangi kidogo, lakini imebaki mahali pake. Karibu na ekzosi tofauti hii ni kubwa sana, na kwenye magari haya madogo kila kitu kiko karibu na ekzosi.

Jambo ambalo maboksi mengi hayalisemi ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Mafungu mengi yametengenezwa yakidhani una bodi ya bati, taa ya nyuma inajirudishia umeme kupitia bodi. Gari la kujiundia mara nyingi lina bodi ya faibaglasi! Haipitishi kitu. Ukiwasha endiketa, taa ya breki inafifia na geji ya mafuta inacheza ngoma, basi ujue athi inatafuta njia ya kichochoro. Hili la 12 limekuja na waya mweusi kwa kila kundi la taa, zote zinakutana kwenye kituo kimoja cha shaba. Kwa hilo peke yake nimelisamehe dosari zake. Na dosari zipo: waya wa taa za nyuma ni mfupi, na flasha yake, kile kidude kinachofanya endiketa ziwake na kuzima, ni ya balbu za kawaida. Ukifunga endiketa za LED haitacheza sawasawa, tafuta ya elektroniki inayokubali LED.

Mwenye vioo vya umeme, AC na redio kubwa, la 21 litamfaa, akibadilisha zile fyuzi. Mimi nachukua la kulia.

Nimeshalifunga kwenye chesi, njooni huku. Fyuzi zote nje. Sijaunga betri moja kwa moja, nimepitisha umeme kwenye balbu ya breki, wati 21. Ikiwaka kwa nguvu, kuna mahali waya unagusa chesi, na balbu ndiyo imeuzuia umeme usilete moto.

Nagusisha... balbu haikuwaka, salama. Haya, nipe ile nyekundu ya kwanza.