SSD ipi ununue, na kwa nini namba ya kwenye boksi haikuhusu

Wasomaji wananiletea lalamiko lile lile: wametoa SSD (diski ya kuhifadhia data isiyozunguka) ya SATA, muunganisho wa zamani, wakaweka ya NVMe, muunganisho mpya wa kasi zaidi, iliyoandikwa MB 7,000 kwa sekunde, na laptop iko vilevile. Wanasema kweli. Laptop hufufuka unapotoka kwenye HDD, diski ya zamani inayozunguka. Ukishakuwa na SATA, ambayo huishia kama MB 550, kuwasha Windows na kufungua Chrome hakubadiliki sana, maana kazi hizo husoma vipande vidogo vilivyotawanyika. Namba ya kwenye boksi hupimwa kwa faili kubwa linalosomwa mfululizo. Mhariri wa video za harusi ataiona faida. Wa Word na Excel, hapana.

Mimi naangalia jambo moja: kasi ya kuandika baada ya kache kujaa. SSD nyingi hupokea data kwanza kwenye sehemu ndogo yenye haraka, ndiyo kache. Ikijaa, ndipo utaijua diski uliyonunua. Samsung 870 QVO ya 1TB, kwa vipimo vya Samsung wenyewe, ikipita takriban GB 42 hushuka kutoka MB 530 hadi 80. Themanini! HDD nyingi zinaipita. Na diski ikikaribia kujaa, sehemu hiyo husinyaa zaidi.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni Samsung, lakini EVO. Laptop ya zamani isiyo na NVMe, chukua 870 EVO. Yenye NVMe, 970 EVO Plus. Zote zina chipu za TLC (biti tatu kwa kila seli; QVO ni QLC, biti nne, ndiyo maana huandika polepole), DRAM (kumbukumbu ya haraka) yake yenyewe na waranti ya miaka 5, na ya 1TB haiporomoki kama QVO. Nafasi ya pili ni WD Black SN770. Haina DRAM, huazima RAM ya kompyuta, lakini kazi za kawaida inazimudu vizuri. 990 Pro waachie wahariri wa video.

Kingston A400 na Crucial BX500: za kompyuta ya risiti dukani, basi.

Sasa wauzaji. Ukiuliza kama ni TLC au QLC unajibiwa “SSD ni SSD tu, dada.” Mwingine anamuuzia mteja NVMe bila kuangalia kwamba sloti ya M.2 ya laptop yake, yaani tundu la kuchomekea SSD, inakubali SATA peke yake. Diski haionekani kabisa, na mteja akirudi anaambiwa mali ikishafunguliwa hairudishwi. Halafu anatozwa ufundi kwa skrubu moja! Nenda na jina kamili la modeli ya laptop yako, na muuzaji aandike modeli ya SSD kwenye risiti kabla hujatoa hela.