Atelie ya Kamalondo na bunduki za kale: wape kazi ya kusafisha, msiwape ya kupaka upya

Kamalondo, hapa Lubumbashi, kuna atelie ya mbao na chuma inayojulikana zaidi kwa vitanda na milango, lakini ambayo hupokea pia vitu vya kale: saa za ukutani, cherehani, masanduku ya safari na, kwa wachache wenye vibali, bunduki za zamani. Niliwapelekea bunduki aina ya Mauser, ya muundo wa mwaka 1889, iliyoachwa na mjomba wangu, ambayo mtutu wake ulizibwa zamani na haiwezi tena kufyatua risasi. Nilitembea na karatasi zake zote, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu polisi wa njiani hawezi kujua kwa kutazama tu kwamba mtutu umezibwa.

Atelie hiyo inatoa huduma mbili. Ya kwanza ni ile wanayoiita kazi kamili: mbao inapigwa msasa na kupakwa vanishi, na chuma kinachemshwa ndani ya chumvi kali mpaka kiwe cheusi. Ya pili ni usafi tu, na bei yake haifiki nusu ya ile ya kwanza. Fundi mkuu, mtu mpole na mwenye mikono mizuri, alinisukuma kwenye ile ya kwanza na kunionyesha bunduki ya mteja mwingine iliyokwisha kutengenezwa. Kwa mbali iling'aa sana. Nilipoisogelea niliona kwamba msasa ulikuwa umeishusha mbao chini ya usawa wa chuma, kingo zilikuwa zimekuwa za mviringo, na mihuri ya wakaguzi iliyogongwa kwenye mbao ilikuwa imebaki kivuli. Vanishi inaweza kubanduliwa siku nyingine, lakini muhuri uliokwisha kusagwa haurudi.

Kwa bunduki ya aina hii hasara ni kubwa zaidi kuliko kwa nyingine. Kiwanda cha Fabrique Nationale cha Herstal, nchini Ubelgiji, kilianzishwa mwaka 1889 kwa ajili ya kuitengeneza, kwa agizo la serikali la bunduki 150,000, na baadaye ikabebwa pia na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la hapa kwetu Kongo. Umbo lake lina jambo la pekee: mtutu haukuachwa wazi, bali umevikwa bomba jembamba la chuma. Kati ya bomba na mtutu kuna nafasi ndogo, na unyevu ukiingia humo kutu hula bila kuonekana. Sasa fikiria kuizamisha bunduki hiyo katika maji ya chumvi yanayochemka. Nje itatoka nyeusi na ya kupendeza, huku chumvi iliyobaki ndani ikiendelea na kazi yake, hasa kuanzia Novemba, mvua zetu zinapokolea.

Fundi alikuwa na hoja yake, na si hoja ya kipuuzi. “Papa,” aliniambia, “mtutu umekwisha kuzibwa, uasili gani tena unaoulinda?” Ni kweli kwamba kuziba mtutu kuliondoa kitu. Lakini namba za komeo, kile kipande kinachofunga nyuma ya mtutu, bado zinalingana na za mwili wa bunduki, maandishi ya kiwanda bado yanasomeka, na weusi wa mbao ni mafuta na jasho la watu walioishika kwa miongo mingi. Jeraha moja halihalalishi la pili.

Nilichagua usafi, na kazi ilifanyika vizuri kwa sehemu kubwa. Kutu nyekundu iliondolewa kwa mafuta na pamba laini ya chuma, bila kugusa rangi ya zamani iliyosalia. Mbao ilifutwa kwa kitambaa, kisha ikapewa mafuta kidogo ya kitani, ambayo inayahitaji sana baada ya ukavu wa kiangazi. Dosari mbili zilinikera. Parafujo moja ilifunguliwa kwa bisibisi isiyoienea, na sasa kichwa chake kimechanika. Tena kijana mmoja alikuwa ameanza kung'arisha bamba la kitako kwa mashine kabla fundi hajamzuia. Alama hiyo itaonekana daima. Fundi alipunguza bei bila kubishana, jambo ambalo si ateliye zote za mjini zingelifanya.

Kazi kamili ina mahali pake. Bunduki ambayo mtu mwingine alikwisha kuipiga msasa, au iliyovunjika mbao yake na kuwekewa mpya iliyochongwa hapahapa, haina cha kupoteza, na kwa hiyo ateliye hii itakupa sura nzuri kwa malipo ya haki. Kwa iliyosalimika, andika kwenye karatasi ya kazi kwamba msasa, mashine na chumvi haviruhusiwi, na umwombe fundi mkuu aishughulikie mwenyewe, asiwaachie vijana.