Karakana ya umeme wa pikipiki, Kongowea: mita kwanza, vipuri baadaye

Kwa mtu ambaye pikipiki yake hubonyezwa stata ikalia "tak" mara moja kisha ikanyamaza, karakana ndogo ya umeme iliyo karibu na soko la Kongowea, Mombasa, ndiyo ninayoipendekeza kabla ya duka lolote la vipuri. Fundi wake hupima kwanza, wala hataji kipuri chochote cha kununuliwa mpaka mita ya kupimia umeme imesema. Jambo hilo ni adimu kuliko inavyopaswa, kwani mteja ambaye chombo chake hakiwaki huambiwa upesi anunue betri, na betri mpya ikishindwa huambiwa anunue mota ya stata.

Hayo yalinipata. Pikipiki yangu ya cc 150 ilikuwa ikizunguka kwa unyonge asubuhi, na injini ikishapata moto stata haiizungushi kabisa, ingawa kwa kiki inawaka bila taabu. Duka moja mjini liliniuzia betri mpya, na tatizo likabaki palepale. Fundi wa Kongowea aliyasikiliza maelezo yote bila kunikatiza, akauliza kama taa hufifia stata inapobonyezwa, kisha akatoa mita ya kawaida ya kidijitali, isiyo na anasa yoyote.

Alianza na betri ikiwa imetulia, akapata volti 12.7, yaani imejaa. Ingekuwa chini ya 12.4 angeichaji kwanza, kwa kuwa vipimo vinavyofuata havina maana kwenye betri yenye njaa. Akabonyeza stata huku ncha za mita zikiwa kwenye terminali za betri, na mita ikashuka hadi 11.5 tu. Hapa ndipo wengi hupotea. Betri iliyochoka huanguka chini ya volti 10 au karibu na hapo mota inapovuta umeme, kwa hiyo betri inayobaki juu wakati stata haizunguki inaonyesha kwamba umeme umezuiwa mahali, njiani au ndani ya mota yenyewe. Ule mlio wa "tak" wa rilei, yaani swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye mota, nao ulikuwa ushahidi: rilei ikilia, basi kitufe cha stata, swichi ya krachi na swichi ya nyutro zinafanya kazi, na uchunguzi uhamie kwenye nyaya nene. Kama rilei ingekuwa kimya, angeanzia kwenye fyuzi, swichi ya kuzimia injini na swichi ya stendi ya pembeni kwa pikipiki zilizo nayo.

Kipimo kilichomaliza ubishi kilikuwa rahisi kuliko vyote. Aliweka ncha moja ya mita kwenye terminali ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akanitaka nibonyeze stata. Waya mzima wa ethi, yaani ule unaounganisha hasi ya betri na injini, hapo haupaswi kuonyesha zaidi ya sehemu mbili au tatu za kumi za volti. Wangu ulionyesha zaidi ya volti 3. "Betri haina makosa, ndugu yangu," akasema, "umeme wanywewa njiani." Alipoufungua waya huo mahali ulipofungwa kwenye injini, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani ndani ya plastiki, ambako jicho halifiki. Anayeishi karibu na bahari hii anaijua kutu hiyo, na pikipiki inayooshwa kwa mashine ya maji ya nguvu huipata mapema zaidi.

Alikata sehemu iliyooza, akafunga kichwa kipya cha waya kwa kukibana na kukilehemu, akasugua chuma kwa msasa, akapaka grisi juu baada ya kukaza boliti. Alirudia kipimo kilekile ili nijionee tofauti, kisha akapima chaji: injini ikizungushwa kwa kasi, betri ilionyesha volti 14.2, nami nikaelezwa kwamba chini ya 13 ingemaanisha chaji haiingii, na juu ya 15 ingemaanisha rektifaya, kifaa cha kudhibiti chaji, haidhibiti umeme, jambo linalokausha betri. Waliochukua pikipiki kwa mkopo na kufungiwa traka, kifaa cha kufuatilia pikipiki ilipo, au walioongeza kengele ya wizi, huwapimia pia umeme unaovuja swichi ikiwa imezimwa. Kazi hiyo hufanya kwa uangalifu, akihakikisha hakuna mtu anayegusa stata wakati mita imeunganishwa kwa mfuatano, yaani umeme wote ukipita ndani yake, kwa sababu fyuzi ya mita ingekatika papo hapo.

Malipo yalikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya betri niliyouziwa bila sababu. Upungufu upo, hata hivyo. Hakuna risiti wala dhamana ya maandishi, kivuli ni cha turubai moja, na saa za adhuhuri foleni ya waendeshaji wa bodaboda huwa ndefu kiasi kwamba ni heri kufika mapema. Kinachoniudhi zaidi ni tabia ya vijana wanaomsaidia ya kuunganisha terminali mbili za rilei kwa bisibisi ili kujaribu mota, cheche zikiruka karibu na tangi la petroli na gia haijathibitishwa kuwa nyutro. Yeye mwenyewe sikumwona akifanya hivyo, lakini karakana ni yake na ilikuwa juu yake kuwakataza.

Kwa pikipiki za kabureta zenye nyaya za kawaida, ambazo ndizo nyingi kati ya zinazovuka Likoni na kupanda Nyali kila siku, sioni sababu ya kwenda kwingine. Mwenye pikipiki ya sindano ya mafuta, ambayo kompyuta ndiyo hupima mafuta badala ya kabureta, asipoteze safari: fundi hana chombo cha kusoma hitilafu za kompyuta, na hulisema hilo kabla hajafungua hata boliti moja.